Safari Mbili za Elimu: Karagwe na Vyuo Vikuu

Katika pembe ya kaskazini-magharibi ya Tanzania, pale nchi yetu inapopakana na Rwanda ng'ambo ya Mto Kagera na kuitazama Uganda upande wa kaskazini, iko nchi ya vilima, migomba na malisho iitwayo Karagwe, ambayo tangu mwaka 2012 imegawanywa wilaya mbili, Karagwe yenyewe na Kyerwa. Na katika kata za Karagwe imo kata ya Kanoni, ambako mkulima mwenye kibanja cha migomba na mibuni hujua, pasipo kuandikiwa na mtu, ni udongo gani unaoukubali mgomba wa aina gani, ni nyasi zipi za kutandaza chini ya shina ili unyevu usitoroke wakati wa kiangazi, na ni lini samadi ya ng'ombe imekomaa kiasi cha kutoiunguza mizizi. Elimu ya namna hiyo haina shahada wala joho, lakini ndiyo iliyolisha vizazi na vizazi, na mwenye kuidharau sharti kwanza aeleze jinsi watu wengi namna ile walivyoweza kuishi karne nyingi juu ya vilima vilevile pasipo ardhi kuchoka kabisa.

Siku hizi dunia inazungumza habari ya uchumi wa maarifa, yaani uchumi ambao ndani yake utajiri wa taifa hupimwa kwa yale ambayo watu wake wanayajua na wanaweza kuyatumia, kuliko kwa wingi wa madini au ukubwa wa mashamba. Na vyuo vikuu, vilivyokuwa zamani vikiwaandaa watu wachache kwa kazi za serikali, vimeambiwa vibadilike ili viwe chemchemi za uchumi huo. Nakusudia kusimulia jinsi elimu ya juu ilivyoifikia nchi ya Karagwe na jirani zake, na jinsi elimu ya Karagwe na jirani zake ilivyoifikia elimu ya juu. Maana hizo ni safari mbili, na ile ya pili, ingawa ni kongwe, aghalabu haisimuliwi.

Kabla ya kuwako chuo chochote katika Afrika Mashariki, Karagwe ilikuwa ufalme uliotawaliwa na ukoo wa Wahinda, ambao mtawala wake aliitwa Omukama na makao yake makuu yalikuwa Bweranyange. Simulizi humhusisha Ndagara, aliyetawala katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, na ufundi wa chuma. Na katika hazina ya kifalme viliwekwa vitu vya chuma vilivyofuliwa kwa ustadi mkubwa, wakiwamo ng'ombe wadogo wenye pembe ndefu, pamoja na nyundo na mikuki, ambavyo havikuwa mapambo matupu, kwa kuwa enzi yenyewe ilitambulikana kwavyo. Hapo karibu, mahali paitwapo Kafuro, wafanyabiashara Waarabu na Waswahili waliotoka Unyanyembe walijenga kituo chao, wakaleta nguo na shanga na kununua pembe za ndovu, na pamoja na bidhaa hizo wakaja na lugha ya Kiswahili na mazoea ya hesabu na barua. Mmoja wao, Ahmed bin Ibrahim, aliyekwisha kufika Buganda tangu zama za Kabaka Suna, alikaa Kafuro miaka mingi, na msafiri Henry Morton Stanley alimkuta hapo mwaka 1876.

Novemba 1861 walifika kwa Omukama Rumanyika, mwana wa Ndagara, Waingereza wawili, John Hanning Speke na James Augustus Grant, wakiwa na msafara ambao ndani yake alikuwamo mkalimani Sidi Mubarak Bombay. Rumanyika aliwapokea kwa ukarimu ambao wageni wale hawakuacha kuusifu; na Grant, aliyeugua mguu hata asiweze kutembea, alibaki chini ya ulinzi wake kwa miezi kadhaa baada ya mwenzake kwenda zake Buganda. Mazungumzo yao yalipitia Kiswahili kwa mikono ya wakalimani, na kwa njia hiyo Speke aliuliza habari za maziwa, za mito, za milima ya Mfumbiro na za nchi za magharibi ambazo hakuzifikia, akajibiwa. Kisha majibu hayo akayatia katika ramani na kitabu, yakawa hoja za mabishano makali miongoni mwa wanajiografia wa London. Hatuna haja ya kumlaumu, kwa kuwa aliwataja wenyeji wake na kuwasifu. Lakini tuangalie kwa makini jambo lililotendeka, kwa sababu litarudi mara nyingi katika historia hii. Elimu ilikuwako Karagwe, kwa wenyewe waliokuwa wakiitumia. Ikaulizwa, ikasafiri, ikaandikwa mbali, na huko mbali ndiko ilikopata jina la elimu.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni ule wa chuma cha Wahaya, majirani wa Wanyambo wa Karagwe upande wa Ziwa Victoria, ambao lugha zao na ufundi wao ni ndugu. Katika miaka ya 1970 mtaalamu wa akiolojia kutoka Marekani, Peter Schmidt, alifanya utafiti katika Buhaya, na akaongozwa na wazee wenye kuhifadhi simulizi za kale mpaka mahali ambapo mababu waliyeyusha chuma, Katuruka na kando ya Ghuba ya Kemondo, ambako matanuri mengine yalionekana kuwa na umri wa takriban miaka 2,000. Wazee wale walikuwa wameiacha kazi hiyo kwa karibu nusu karne, kwa kuwa majembe ya bei nafuu kutoka Ulaya yalikuwa yameliua soko lao. Hata hivyo, walipoombwa mwaka 1976 waijenge tena tanuri, walikubali.

Inafaa tuitazame kwa karibu kazi ile. Walichimba shimo, wakaweka ndani yake matete na nyasi za bwawani zilizounguzwa zikageuka masizi meusi. Juu yake wakainua ukuta wa tanuri kwa udongo wa kichuguu, ambao unavumilia moto kuliko udongo wa kawaida. Kisha wakaingiza mirija mirefu ya udongo, si mpaka ukingoni tu kama wafanyavyo wengine, bali ndani kabisa katikati ya makaa, na kila mrija ukapewa mivukuto yake ya ngozi na watu wa kuipiga kwa zamu huku wakiimba. Schmidt na mwenzake Donald Avery, mtaalamu wa madini wa Chuo Kikuu cha Brown, walipima joto ndani ya tanuri wakaona limepita nyuzi 1,800; na kwa rai yao, hewa iliyopita ndani ya mirija iliyozungukwa na moto ilikuwa imepashwa joto kabla ya kuyafikia makaa, jambo lililookoa mkaa na kutoa chuma chenye sifa za chuma cha pua. Mwaka 1978 makala yao ilitoka katika jarida la Science. Wataalamu wengine waliipinga hoja ya hewa kupashwa joto, na mabishano yakaendelea miaka mingi, kama ilivyo desturi ya maulamaa; lakini hakuna aliyeweza kukana kwamba mafundi wa mwambao wa magharibi wa Ziwa walikuwa na elimu ya juu ya moto na ya madini, iliyorithishwa kwa mazoezi, miiko na nyimbo, tangu zama ambazo hakuna chuo kikuu kilichokuwa kimejengwa popote duniani.

Tukirudi nyuma kidogo, tutaona jinsi ile safari nyingine ilivyoanza, ya elimu ya vyuo kuja kwetu. Wajerumani waliweka boma Bukoba mwaka 1890, na Mapadre Weupe wakafungua misheni ya Kashozi mwaka 1892, wakafuata Walutheri, na katika miongo iliyofuata shule za misheni zikaenea hata Bukoba na viunga vyake vikajulikana kote nchini kwa wingi wa wasomi. Katika seminari ya Rubya alisoma Laurean Rugambwa, ambaye mwaka 1960 alifanywa kardinali, Mwafrika wa kwanza kuipata daraja hiyo katika nyakati zetu. Lakini kwa mtoto wa Karagwe, shule hizo zilikuwa mbali, safari ya siku kadhaa kwa miguu. Na kadiri mtu alivyopanda ngazi ya masomo ndivyo alivyozidi kwenda mbali na kibanja cha wazazi wake.

Ngazi ya juu kabisa ilikuwa Makerere, iliyoanza mwaka 1922 kuwa shule ya ufundi yenye wanafunzi 14 wa useremala, ujenzi na umakanika, na kufikia mwaka 1949 ikawa chuo kikuu kishiriki kilichotoa shahada za Chuo Kikuu cha London. Makerere iliwalea watu wakubwa, akiwamo Julius Nyerere, aliyesoma huko ualimu kuanzia mwaka 1943 hadi 1945. Lakini mtaala wake, mitihani yake na hata kipimo cha kitu gani kistahili kuitwa elimu vilitoka Uingereza. Katika zama hizohizo, mtumishi wa serikali ya kikoloni aitwaye Hans Cory alizunguka Tanganyika akikusanya sheria za kimila, nyimbo na desturi. Na mwaka 1945, pamoja na M. M. Hartnoll, alitoa kitabu juu ya sheria za Wahaya ambacho mahakama zilikitumia miaka mingi. Wazee walisema, Cory akaandika, na hakimu akasoma. Na mzee aliyekuwa mwenye sheria akawa mtu wa kuambiwa kwamba sheria yake imeandikwa vingine.

Uhuru ulipokaribia, Watanganyika walidai chuo chao, na tarehe 25 Oktoba 1961, majuma machache kabla ya bendera mpya kupandishwa, Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam kilifunguliwa katika jengo la chama cha TANU mtaa wa Lumumba kwa wanafunzi wa sheria wasiozidi 15. Mwaka 1964 kikahamia Mlimani. Kati ya 1963 na 1970 kilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Nairobi. Na tarehe 1 Julai 1970 kikawa chuo kikuu kamili. Shughuli yake ya kwanza ilikuwa kutoa watumishi wa kujaza nafasi zilizoachwa na wakoloni, na kwa shughuli hiyo haiwezekani kukilaumu. Nchi isiyokuwa na mahakimu, wahandisi na walimu wake haiwezi kujiita huru. Walakini hatari ilijitokeza mapema. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana hadi Ikulu kulalamikia masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa na makato ya mishahara, na Mwalimu Nyerere akawarudisha makwao takriban 400, akapunguza na mshahara wake mwenyewe, kwa kuwa alikwisha kuona tabaka la wasomi likianza kujiona mgeni katika nchi iliyolisomesha. Mwaka uliofuata likaja Azimio la Arusha, likafuatiwa na sera ya Elimu ya Kujitegemea. Na Novemba 1974 Azimio la Musoma likaagiza kwamba mtu afanye kazi kwanza, apate na sifa njema ya watu aliokaa nao, ndipo aende chuo kikuu.

Sharti la Musoma lililegezwa baadaye, na wengi hulikumbuka kwa usumbufu wake; lakini ndani yake ilikuwamo fikra ambayo haijapitwa na wakati, yaani kwamba mwanafunzi anayeingia chuoni akiwa amekwisha kuishi na kufanya kazi huja na maswali ambayo mwalimu wake hana. Katika miaka hiyohiyo chuo chenyewe kilianza kuigeukia nchi. Israel Katoke, mwanahistoria, aliandika historia ya ufalme wa Karagwe na ya Wanyambo, iliyotoka katika kitabu mwaka 1975, kwa kutegemea simulizi za wazee na kuzipima kwa maandishi ya wageni. Na hapo, pengine kwa mara ya kwanza, Bweranyange ilisimuliwa na msomi wa Kiafrika aliyejua kuuliza kwa lugha ya wenyewe. Mwaka 1985 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikaanzisha mafunzo ya akiolojia, Schmidt akiwa miongoni mwa waanzilishi, na vijana wa Kitanzania wakajifunza kuchimbua mambo ya kale yao wenyewe. Hizo zilikuwa hatua za haki, ijapokuwa zilichukuliwa na chuo maskini katika miaka migumu.

Maana miaka ya 1980 ilikuwa ya dhiki. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, vilivyoanzia katika mkoa huuhuu wa Kagera, ambamo Karagwe imo, baada ya majeshi ya Idi Amin kuvuka mpaka, vilikausha hazina. Bei za mazao ziliporomoka. Na wakopeshaji wa dunia, wakiongozwa na Benki ya Dunia, walishikilia kwamba fedha zinazotumika katika shule za msingi huleta faida kubwa kuliko zile za vyuo vikuu. Maktaba zikakosa vitabu vipya, wahadhiri wakatafuta riziki kwingine, na mpaka mwaka 1990 Tanzania ilikuwa na vyuo vikuu viwili tu, cha Dar es Salaam na cha Sokoine cha Kilimo, kilichoanzishwa Morogoro mwaka 1984.

Na katika dhiki hiyo ndipo Kagera ilipokuwa mahali panapotazamwa na wasomi wa dunia nzima. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa ukimwi nchini walitambuliwa katika mkoa huu, na kabla ya mwongo kwisha hapakuwa na kijiji kisichokuwa na yatima. Kati ya 1991 na 1994 Benki ya Dunia pamoja na Chuo cha Muhimbili walifanya uchunguzi wa kaya 915 katika vijiji vya mkoa mzima, Karagwe ikiwamo, wakarudi kwa kaya hizo hadi mara nne, wakiuliza nani amefariki, nani ameacha shule, chakula kilichonunuliwa ni kiasi gani na shamba limeleta nini. Mwaka 2004, na tena mwaka 2010, watafiti waliwafuata watu walewale popote walipohamia, mpaka kaya zilizotokana na zile 915 zikapita 3,300. Na sehemu kubwa ya kazi hiyo ngumu ya kutafuta watu ilifanywa na vijana wa Kitanzania wa shirika la utafiti lenye makao yake Bukoba. Moja ya matokeo yake, lililotolewa na Kathleen Beegle, Joachim De Weerdt na Stefan Dercon, lilionyesha kwamba waliohama kijiji walichozaliwa, matumizi yao yaliongezeka kwa pointi 36 za asilimia zaidi ya wenzao waliobaki. Takwimu hizo zimewapatia watu shahada za uzamivu katika vyuo vikuu vingi vya Ulaya na Marekani, na zimo katika mafundisho ya uchumi wa maendeleo kila mahali.

Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na ni haki kuuliza kama mwenyeji alipona. Sisemi kwamba watafiti wale walikosa insafu. Wengi wao waliweka takwimu wazi zitumiwe na yeyote, jambo ambalo ni la kusifiwa. Lakini takwimu iliyo wazi kwa mwenye kompyuta, mwenye Kiingereza na mwenye mafunzo ya hesabu za uchumi imefungwa kwa mama wa Karagwe aliyeulizwa maswali mengi kuanzia asubuhi hadi adhuhuri, kwa miaka kadhaa, na ambaye hakuna aliyerudi kumweleza, kwa Kiswahili au kwa Runyambo, ni nini kilichojulikana kutokana na maisha yake. Katika uchumi wa maarifa yeye ni mwenye mali ghafi. Na sisi tuliokulia katika nchi ya kahawa tunajua vizuri kilichokuwa kikimpata mwenye mali ghafi.

Kahawa yenyewe ina somo lake. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ugonjwa wa mnyauko uliivamia kahawa ya robusta katika Kagera, mibuni iliyopandwa na babu ikakauka tawi baada ya tawi hata shina likafa, na wakulima wakaing'oa na kuichoma. Mwaka 2001 Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania ilianza kazi Lyamungu, mkoani Kilimanjaro, na katika kituo chake cha Maruku, karibu na Bukoba, watafiti walikusanya mibuni iliyobaki hai katika mashamba yaliyoangamia, wakaichunguza na kuizidisha, mpaka zikapatikana aina za robusta zinazouhimili ugonjwa huo. Hapo mkulima na mtafiti walihitajiana kwa dhati: mkulima alijua ni mbuni upi uliosimama wakati mibuni jirani ilipokufa, na mtafiti alijua jinsi ya kupima kwamba kusimama kule hakukuwa kwa bahati. Mche ukarudi shambani. Mduara ukakamilika, na kwa hiyo ninaiona kazi ile kuwa bora kuliko hotuba nyingi zilizotolewa juu ya elimu na maendeleo.

Karagwe nayo ilikuwa imeanza kujifanyia mambo yake. Katika miaka ya 1990 asasi ya wenyeji iitwayo KARADEA iliendesha mafunzo ya umeme wa jua, yakawavuta mafundi kutoka nchi mbalimbali za Afrika Mashariki waje kujifunza kuunganisha paneli, betri na taa katika wilaya ambayo gridi ya taifa haikuwa imeifikia. Mafunzo yale hayakuwa na hadhi ya chuo kikuu, lakini yalifanya lile ambalo vyuo vikuu vinahubiri leo: yalichukua elimu mpya kabisa ya dunia, yakaiweka mikononi mwa fundi, na fundi akaenda nayo kwao. Wakati huohuo, Januari 1994, Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilizinduliwa chini ya Profesa Geoffrey Mmari, kikafungua vituo mikoani, Bukoba ikiwamo. Na kwa mara ya kwanza mwalimu wa shule ya msingi au karani wa ushirika aliweza kutafuta shahada pasipo kuacha kazi, watoto na mibuni yake.

Ndipo ikaja ile imani mpya ya uchumi wa maarifa. Wachumi wa Marekani, kama Fritz Machlup aliyetoa kitabu chake mwaka 1962, walikuwa wamezungumza juu ya uzalishaji wa maarifa kwa muda mrefu. Lakini ilikuwa mwanzo wa karne ya 21 ndipo Benki ya Dunia, iliyokuwa ikiviambia vyuo vyetu kwamba faida yao ni ndogo, ilipogeuka na kusema, mwaka 2002, kwamba bila ya elimu ya juu taifa haliwezi kuishi katika uchumi wa maarifa. Tanzania nayo, katika Dira ya Maendeleo ya 2025, ilikuwa imekwisha kuazimia kuwa jamii iliyoelimika na yenye kupenda kujifunza. Bodi ya Mikopo ilianza kazi mwaka 2005, mwaka uleule ambao sheria iliunda Tume ya Vyuo Vikuu. Chuo Kikuu cha Dodoma kikaanza mwaka 2007. Mashirika ya dini yakafungua vyuo. Na Julai 2009 mkongo wa kwanza wa baharini wa SEACOM ukafika Dar es Salaam, ukifungua njia ya intaneti ya kasi iliyokuja kufika hadi kwenye simu ya kijana wa Kanoni. Idadi ya vyuo ikapita 40. Vingine vilianzishwa kwa pupa, bila wahadhiri wa kutosha wala maabara, na Tume ikalazimika kuvifunga. Vingine vilifundisha yaleyale yaliyofundishwa Makerere ya zamani, kwa wanafunzi ambao nafasi za serikali zilizokuwa zikiwangoja baba zao hazikuwapo tena.

Kwa hiyo alitokea mhitimu ambaye nchi haikuwa imepata kumwona: kijana wa Karagwe mwenye shahada, aliyerudi nyumbani kwa basi baada ya safari ya zaidi ya kilomita 1,400 kutoka Dar es Salaam, akakaa kibarazani akiandika maombi ya kazi, na huku baba yake, mwenye kibanja, akiona haya kumwomba ashike jembe. Wakati wa Mwalimu hofu ilikuwa kwamba msomi atajitenga na watu kwa sababu ya cheo. Sasa akajitenga nao kwa kukosa cheo, kwa kuwa chuo hakikumfundisha kukiona kibanja kuwa mahali pa elimu.

Na bado kibanja kile kilikuwa kikichunguzwa na wengine. Katika mwongo wa 2010 Ariane Krause, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Berlin, alifanya kazi Karagwe pamoja na asasi ya wenyeji iitwayo MAVUNO, wakijaribu kutengeneza mboji kwa kuchanganya kinyesi cha vyoo maalumu kilichokwisha kuuawa vijidudu kwa joto, mkojo, unga wa mkaa uliobaki katika majiko ya kupikia, majivu na masalia ya jikoni. Udongo wa Karagwe, wenye asili ya volkano, una tabia ya kuificha fosforasi hata mmea usiipate. Na mboji ile, ilipotiwa shambani penye mahindi, maharage na mboga, ilipunguza uchachu wa udongo na kuyaongeza mavuno ya mahindi kwa kiasi kikubwa. Kazi ile ni njema, na wenyeji waliianzisha wao pamoja na mgeni. Lakini ikawa tena kwamba shahada ilitolewa Berlin, na hapakuwa na chuo kikuu Karagwe cha kuipokea na kuiendeleza katika vibanja vingine.

Kinyume chake, upande wa lugha, chuo kikuu chetu kilitimiza wajibu wake. Chini ya mradi wa Lugha za Tanzania katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Profesa Josephat Rugemalira alitoa mwaka 2002 msamiati wa Runyambo kwa Kiswahili na Kiingereza, na mwaka 2005 sarufi ya lugha hiyo. Kwa hiyo majina ya mimea, ya zana, ya udongo na ya maradhi ya mifugo, ambamo elimu ya Wanyambo imehifadhiwa, yamo kitabuni na mtoto wa Kanoni anaweza kuyasoma.

Mwaka 2021 Benki ya Dunia iliikopesha Tanzania Dola milioni 425 kwa mradi wa Elimu ya Juu kwa Mageuzi ya Kiuchumi, ujulikanao kwa jina la HEET, unaokusudia kuzijenga upya maabara, kuihuisha mitaala na kuvisogeza vyuo karibu na waajiri na wazalishaji. Na kwa mradi huo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinajenga kampasi katika kata ya Karabagaine, wilaya ya Bukoba. Barabara ya lami ya kilomita 59 kutoka Kyaka hadi Bugene imekwisha kuipunguza safari ya Karagwe. Na sasa kwa mara ya kwanza katika historia, chuo kikuu kikongwe cha taifa kinakuja kuishi katika mkoa ambao uliipa dunia elimu ya chuma, ya uchumi wa kaya na ya mnyauko wa kahawa.

Hii ndiyo fursa ya kuzikutanisha safari mbili. Ikiwa kampasi ile itakuwa tawi la kutolea cheti kilekile kwa umbali mfupi, basi tutakuwa tumepunguza nauli tu. Lakini ikiwa takwimu za zile kaya 915 na vizazi vyao zitawekwa hapo, zikafundishwa na kusimuliwa kwa Kiswahili kwa wale waliozitoa; ikiwa mwanafunzi wa kilimo atatakiwa kukaa muhula mzima katika kibanja cha Kanoni au cha Kyerwa na kupimwa kwa swali atakalorudi nalo; ikiwa fundi wa umeme wa jua na mzalishaji wa miche ya kahawa wataingia darasani kuwa walimu wenye kulipwa, na majina yao yakatiwa katika makala kama yalivyotiwa ya maprofesa; na ikiwa mbegu, mbinu na uvumbuzi utakaopatikana utakuwa na haki ya mwenyeji ndani yake: hapo uchumi wa maarifa hautakuwa jina jipya la biashara ya mali ghafi. Wanaopanga mitaala ya kampasi hiyo wana mamlaka ya kuyaandika mambo haya sasa, kabla mazoea hayajaota mizizi, na watu wa Karagwe wana haki ya kuwadai wayaandike.